Nguzo ya Tatu Chini ya Maji

Taarifa ya kamati ya uchunguzi ilisomwa Rudewa, mbele ya umati, kwa kipaza sauti, na mjane akiwa ameketi mstari wa mbele. Ilisema kwamba daraja la waenda kwa miguu lilianguka kwa sababu marehemu Gabrieli, dereva wa bodaboda, alipitisha juu yake pikipiki yenye mzigo uliozidi uwezo wa daraja. Haikusema neno juu ya nguzo. Haikusema neno juu ya mkandarasi. Ilimtaja marehemu kwa jina lake na la baba yake, kama mtuhumiwa anayesomewa shtaka, ila mtuhumiwa huyu hakuwa tena na mdomo wa kujibu.

Daraja lile liliua watu wawili: Gabrieli, na Imani, msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akienda shule. Mpaka asubuhi ya mkutano, Agnesi alikuwa mfiwa miongoni mwa wafiwa. Kufikia mchana alikuwa mke wa mvunja daraja. Mkutano ulipotawanyika alimwinamia Bibi Costancia, aliyemlea Imani tangu akiwa mchanga.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Costancia aliitazama mikono yake mwenyewe. Marahaba haikuja. Katika nchi yetu hata mwizi akiamkia huitikiwa. Agnesi alinyimwa hata hicho.

Agnesi ana studio ya picha karibu na soko la Kilosa, chumba kimoja chenye pazia la bluu kwa ajili ya paspoti na jingine lililochorwa maporomoko ya maji. Jumamosi huenda Mikumi na maharusi wanaotaka pundamilia waonekane nyuma ya shela, kando ya barabara kuu, bila kulipa kiingilio cha hifadhi. Gabrieli ndiye aliyekuwa akimpeleka. Ndiye aliyeshikilia stendi ya mwavuli wa taa upepo ulipovuma, na ndiye aliyewachekesha maharusi walionuna. "Bwana harusi, tabasamu, mahari hairudishwi!" Watu walicheka, Agnesi akabofya.

Aliyemfumbua macho alikuwa Hussein, mwenzake Gabrieli wa kijiweni, aliyeruka mtoni kumtafuta siku ya ajali.

"Shemeji, niliposimama chini nilikanyaga shina la ile nguzo ya tatu, iliyokatika. Nikadhani nitakuta zege na nondo. Ni miti, shemeji. Mirunda, ile ya kujengea jukwaa la mafundi."

"Uliwaambia kamati?"

"Niliwaambia. Katibu akaniuliza kama mguu wangu una cheti."

Basi Agnesi akaona njia iliyo ndani ya kazi yake. Mguu hauna cheti, lakini picha huaminiwa kila mahali: kwenye paspoti, mahakamani, juu ya jeneza. Angeipiga picha ile nguzo palepale ilipo, kabla mvua hazijajaza mto.

Hakuwa amewahi kupiga picha chini ya maji. Alimpigia simu Ashrafu, muuza kamera wa Kariakoo ambaye huzamia baharini siku za mapumziko.

"Unataka kupiga samaki, dada?"

"Nataka kupiga mti."

Ashrafu alicheka. Aliposikia kisa chote, alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya hatari.

"Kamera yako kubwa iache nyumbani. Ganda lake la kuzuia maji ni ghali kuliko kamera yenyewe, na chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye mpira wa mlango, umezamisha studio. Mfuko wa plastiki wa simu nao usiuguse, ule ni wa watu wanaojipiga picha ufukweni. Anayeanza achukue kamera ndogo inayovumilia maji yenyewe, yenye lenzi pana. Lenzi pana itakuruhusu usogee karibu sana na bado uone kitu kizima. Chini ya maji, dada, ukaribu ndio kila kitu. Maji hula mwanga, hula na rangi."

"Na taa?"

"Mbili. Ziwe zenye mwanga uliotawanyika, si kurunzi ya mlinzi inayochoma sehemu moja. Na chukua mikono ya kuzishikia pembeni."

Agnesi aliuza taa zake za harusi, akanunua kamera na taa mbili. Ile mikono aliiacha; aliiona ni mapambo. Miaka yote ya kazi yake taa ilikaa juu ya kamera, ikimtazama bibi harusi usoni, na hakuna bibi harusi aliyelalamika. Akazifunga taa juu ya lenzi. Alikwenda kuzijaribu Mikumi, kwenye bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni, ambako maji ni meupe. Picha zikatoka safi hata nyufa za vigae zikahesabika.

Mto si bwawa. Maji yalikuwa ya kifua, ya kahawia, na Hussein alisimama ukingoni ameshika kamba aliyomfunga kiunoni.

"Shemeji, mamba akikukamata, mimi naachia kamba nakwenda kutoa taarifa."

"Wakikuuliza cheti?"

"Nitawaonyesha mamba."

Ndicho kicheko pekee walichokipata siku ile. Kila picha ilijaa chembe nyeupe, kana kwamba mtu amemwaga unga mbele ya lenzi. Nguzo haikuonekana kabisa. Jioni Ashrafu alizipokea kwenye simu.

"Dada, umepiga picha ya matope. Gari likiwa ndani ya ukungu milimani, dereva akiwasha taa kubwa, huona nini?"

"Ukungu."

"Taa ikikaa karibu na lenzi, inamulika uchafu wote ulio kati yako na kitu. Zipeleke pembeni, mbali, zimulike kitu kutoka ubavuni."

Agnesi alichukua stendi ya mwavuli wa studio, ile aliyokuwa akiishikilia Gabrieli, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea ikakatwa vipande viwili, viwe mikono ya taa. Hakuweza kutazama msumeno ukipita.

Safari hii alizama na taa zimetanuliwa kama mikono ya mtu anayepokea mgeni. Alisogea mpaka kamera ikakaribia kuligusa shina. Hapo ndipo mumewe alipoishiwa pumzi. Ndani ya miwani ya maji machozi hayana pa kwenda. Aliendelea kubofya bila kuona vizuri anachobofya. Lakini picha zilitoka. Mirunda minne iliyofungwa kwa waya, ikiwa imevikwa saruji nyembamba kama ganda la yai. Hapakuwa na nondo hata moja.

Alizipeleka kwa Bwana Lucas, katibu wa kamati ya uchunguzi. Katibu alizikuza, akazipunguza, akarudisha simu mezani.

"Mama, hapa ni wapi?"

"Ni nguzo ya tatu, mheshimiwa."

"Wewe unasema. Picha haisemi. Mimi naona miti na matope, na miti na matope vipo kila mto. Rudi nyuma kidogo, upige inayoonyesha na daraja."

"Nikirudi nyuma hatua moja maji yanafunika kila kitu."

"Basi huo si ushahidi."

Agnesi alirudi mtoni. Alirekodi video bila kukata, akianzia kwenye daraja lililovunjika juu ya maji, akashuka nayo mpaka kwenye shina. Katibu aliitazama, akaisimamisha pale kamera ilipokuwa ikishuka na hapakuwa na kitu ila ukahawia.

"Hapa katikati ni giza tupu. Katika giza hili ungeweza kuunganisha lolote." Akaongeza, kwa upole uliouma kuliko tusi, "Pumzika, mama. Daraja jipya linaanza karibuni. Mkandarasi ni yuleyule, anaifahamu kazi. Shina hilo litafunikwa na zege."

Njiani alipita kwa Bibi Costancia, akamwonyesha. Ajuza aliishika simu muda mrefu.

"Mwanangu, kama wenye ofisi hawakuamini, mimi mwenye macho haya niamini nini?"

Akamrudishia. Agnesi alitembea mpaka barabarani akiwa ameshika simu kifuani, na Hussein, aliyekuwa akimsubiri kwenye pikipiki, akawasha injini.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ninyi mliotia saini taarifa ile, na wewe mkandarasi uliyemwaga saruji juu ya mirunda: mnasema maji yanaficha. Basi yaondoeni. Pangeni mifuko ya mchanga kuzunguka nguzo ya tatu, vuteni maji kwa pampu, mchimbue shina mchana, mbele ya wananchi wa Rudewa, kabla tone moja la zege jipya halijamwagwa. Kisha simameni palepale mliposimama, kwa kipaza sauti kilekile, mseme daraja lilijengwa kwa kitu gani na nani alilijenga, na mlitoe jina la Gabrieli kwenye kosa lenu. Fanyeni hivyo kabla ya mvua.