Mzee Aliyekalia Sanduku la Vitabu vya Michezo

Kabla hujaanza kutikisa kichwa, nikuambie kwanza: siku ile sikuwa na homa, sikuwa na njaa, na jua lilikuwa bado halijazama. Nilikuwa na hasira tu, na hasira haimfanyi mtu aone visivyokuwepo. Nimesoma mpaka darasa la kumi, najua tofauti ya kisa na hadithi. Hiki ni kisa. Kilinikuta mwenyewe hapa Ibaba, mwanangu Tusekile akiwa mgongoni, na kama huamini njoo nyumbani nikuonyeshe sanduku. Utatoka umefunga mdomo, kama walivyotoka wengine.

Sanduku lilikuwa la baba mkwe wangu. Jina lake usiniulize. Huku mkamwana halitaji jina la baba mkwe, wala hao wawili hawatazamani usoni. Nilipoolewa nikitokea Tunduma, mzee alikuwa ameshazikwa siku nyingi, na mama mkwe alinitania jioni ile ile: "Una bahati, mkamwana. Angekuwa hai ungepitia nyuma ya nyumba maisha yako yote, na mkikutana njiani mmoja wenu angejitupa kwenye miiba." Nikacheka. Kwetu Tunduma ni mji wa wapitaji, desturi hiyo ilikuwa imeshalegea, na mimi tena nilikulia bwenini. Sikuiweka moyoni. Kwa nini nimwogope mtu ambaye hayupo?

Mzee huyo alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Iyula. Mzungu alipozeeka na kuuza shamba, vitu vyake vilirundikwa uani vichomwe, vikiwemo vitabu vilivyokuwa vya babu yake. Mpishi akaomba vitabu. Si vyote. Aliomba vya michezo peke yake. Mama mkwe alipomuuliza kwa nini, alijibu: "Vya sheria na vya dini wataviokoa wenyewe. Vya michezo hakuna atakayevililia." Tangu hapo akawa anakwenda shamba hadi shamba, mpaka Hasamba, kofia mkononi, kuomba kitabu kikuukuu cha mchezo. Walimcheka sana, mpishi asiyejua hata herufi moja. Kisha wakampa. Na kadiri kitabu kilivyokuwa cha zamani ndivyo alivyokipenda zaidi. Alisema mchezo mpya watu bado wanaubishania, ule wa kale umeshatulia.

Nami nakuambia sijawahi kuona kitu kizuri kama kilichomo ndani ya sanduku lile. Kuna kitabu cha drafti chenye jalada la ngozi, ambacho herufi ya s imechapwa kama f iliyokatwa mkono, maana ndivyo Waingereza wa kale walivyoandika. Kuna cha uvuvi, kila ndoana imechorwa na unyoya wake. Kuna cha wanawake warusha mishale, wamevaa magauni mapana kama vichuguu. Kuna cha watu wanaoteleza juu ya maji yaliyoganda. Karatasi zake si hizi za siku hizi zinazogeuka unga. Zilitengenezwa kwa matambara, ukizigusa zinajibu. Nikaambukizwa ugonjwa wa marehemu. Dukani kwa Mhindi mmoja Tunduma nilikuta kitabu cha kurusha tiara, vile vishada vya karatasi, nusu yake imeshafungia watu chumvi. Nilikinyakua, nikasafiri nacho kifuani kama mtoto wa pili.

Sasa, katika vitabu vya aina hii kila picha nzuri hufunikwa na karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, isichubuke. Na shemeji yangu Ambokile, kaka wa mume wangu, aliyeachiwa nyumba mume wangu alipokwenda ng'ambo ya mpaka kwenye migodi ya shaba, akagundua kwamba karatasi hiyo inasokota tumbaku vizuri kuliko kitu chochote duniani.

"Shemeji, nani amechana hapa?" nilimuuliza.

"Karatasi tupu hiyo, mama Tusekile. Haina hata herufi. Nimekufunulia picha uione vizuri."

"Maganda ya mahindi yamejaa uani. Si ndiyo mliyosokotea tangu zamani?"

"Ganda la hindi linakohoza. Hii ya Kizungu inashuka kama maziwa."

Akavuta zote, picha baada ya picha. Zilipokwisha akaja na habari kwamba kuna muuza tumbaku Tunduma anayetaka sanduku zima, kila ukurasa, maana watu wa ng'ambo wanavuta kuliko wanavyokula. Nikamwambia atapita juu ya maiti yangu. Akanitazama kwa huruma, huruma kabisa, ndiyo iliyoniudhi. "Marehemu alimaliza umri wake bure kwa vitabu vya watu wanaocheza," akasema. "Wewe una mtoto wa kulea. Acha."

Basi siku moja ya kipupwe narudi kutoka kuchimba viazi, nakuta pembeni ya kitanda changu pana alama ya mraba kwenye vumbi. Sanduku hakuna. Baiskeli ya shemeji hakuna. Mama mkwe alikuwa kwenye maombi ya wanawake kanisani. Ungefanya nini? Mimi sikunawa hata mikono. Nilikaza mbeleko, nikashika njia ya mteremko, nikimtukana shemeji kwa Kinamwanga, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kile ambacho shuleni hatukufundishwa.

Ukungu ukapanda. Wenyeji wa Ibaba wanaujua ukungu wa alasiri, unakuja kama moshi wa jikoni na mara huoni ulipokanyaga. Nikaikuta baiskeli imelala njiani, kofia ya shemeji pembeni, na chini yake msokoto bado unafuka. Mtu havui kofia akaacha na msokoto unaowaka. Nikaita.

Ndipo nilipomwona. Nje ya njia, katikati ya mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mzee amekaa juu ya sanduku langu, amenipa mgongo. Amevaa koti la zamani, kola imeinuka. Kitabu kimefunguka magotini mwake.

"Shikamoo," nikasema, maana nilikuwa na adabu bado.

Hakunijibu mimi. Alisema, bila kugeuka, kwa sauti ya taratibu: "Mtoto, mwambie mama yako marahaba. Mwambie mwenye baiskeli ameondoka mbio, hatarudi leo."

Nikadhani ananidhihaki. "Mwanangu ana meno mawili," nikamwambia. "Hasemi. Sema na mimi."

"Mtoto, mwambie mama yako nimesikia ni msomi."

Mwendawazimu wa watu, nikajisemea. Lakini niamini, kitu kimoja kilinizuia nisimsukume pale alipokaa: jinsi alivyofunua kurasa. Hakulamba kidole. Aliingiza ukucha chini ya pembe ya juu, akainua karatasi kama mtu anayemfunua mgonjwa shuka. Mtu anayefunua hivyo hawezi kuwa mwizi wa vitabu. Nikasogea nikachungulia juu ya bega lake. Ilikuwa picha ya kriketi.

"Mtoto, mwambie mama yako picha hii nimeikalia miaka. Hivi vijiti vitatu ni mlango wa nyumba. Mwenye ubao ni baba wa binti. Huyu anayerusha ni mkwe, anadai aingie. Na hawa waliosambaa uwanjani ni ndugu. Wamekuja kula, hawasaidii upande wowote. Je, ni kweli?"

Nilicheka. Katikati ya hasira yote ile, nilicheka mpaka Tusekile akaruka mgongoni. Sijui kwa nini nami nikaanza kujibu kwa njia ile ile. "Tusekile, mwambie mzee si kweli. Hao waliosambaa wana kazi, wanadaka mpira. Na mwenye ubao akipiga vizuri hukimbia kwenda na kurudi, ndizo pointi zake." Nikamsomea maneno yaliyokuwa chini ya picha, kipande kwa kipande, nikiyageuza Kiswahili.

"Kumbe wanadaka," akasema. "Kumbe nimewasingizia hawa miaka yote." Na mabega yake yakatikisika kwa kicheko. Nimesoma na watu wengi wenye akili, lakini sijawahi kuona mtu anayefurahi vile kuambiwa amekosea.

Tukaenda hivyo, kitabu baada ya kitabu. Warusha mishale alidhani ni wajane wanaolinda shamba. Wale wanaoteleza juu ya maji yaliyoganda, alisema, wanamtafuta mwenzao aliyezama, ndiyo maana wametanua mikono na kutazama chini. Nikamsomea kwamba hapana, hakuna aliyezama, watu hao wanateleza kwa raha tu, na wakichoka wananunua njugu za kuchoma.

"Mtoto, mwambie mama yako amenipumzisha. Huyo aliyezama alikuwa ananikosesha usingizi."

Angalia, mtu huyu alikuwa ameketi miaka na miaka mbele ya picha bila neno hata moja la kumsaidia, akawatungia watu wa mbali nyumba, ndugu na msiba. Mimi nilikuwa na maneno yote na sikuwahi kumhurumia hata mmoja wao. Nilimheshimu pale pale. Na kwa kuwa nilimheshimu, nikataka kumwona.

"Mzee, geuka basi nikushukuru," nikasema. "Hata kuku humtazama anayemrushia punje."

Hakugeuka. Hasira zikanirudi. Mwanamume gani huyu anayezungumza na mwanamke kwa mgongo? Nikamwambia hana adabu. Ndiyo, nilimwambia hivyo, kwa sauti. Kisha nikazunguka sanduku nimkabili. Nikakuta mgongo. Nikaongeza mwendo, nikafika mahali ambapo uso ulipaswa kuwa. Mgongo. Hakusogea, sanduku halikulia, bua halikuvunjika. Nilizunguka mpaka nikakanyaga nyayo zangu mwenyewe, na kote nilikopita niliona kola iliyoinuka na nyuma ya masikio mawili.

Hapo ndipo miguu yangu iliponiambia kile ambacho darasa la kumi halikuniambia. Mtu anayetoka njiani akaingia kwenye mabua. Anayekupa mgongo. Anayesema nawe kupitia mtoto. Ni nani kwako?

Nikageuka nikimbie. Lakini nilipompa mgongo tu, Tusekile akacheka. Si kicheko cha kutekenywa. Ni kile anachocheka mtoto akimwona mtu wake. Akajinyonga ndani ya mbeleko, akajivuta nyuma, uzito wake ukaniacha kama vile amenyoosha mikono achukuliwe.

"Mtoto," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa karibu sana, "mwambie mama yako asimame hivyo hivyo kidogo."

Kwetu sote, babu na mjukuu hawana haya. Hao hutazamana. Nikasimama. Machozi yalikuwa yananishuka, sikatai, nikitazama ukungu mbele yangu, na nyuma yangu wale wawili wakicheza. Alikuwa anamfanyia kwa ulimi mlio wa pia inayozunguka, ile inayoanza kwa kasi, inapungua, inayumba, inaanguka. Mtoto anacheka. Pia inaanza upya. Mpaka ikaanguka na haikuanza tena.

Nilipogeuka palikuwa na sanduku peke yake, kamba imefungwa vizuri. Nikajitwika kichwani, nikapanda nalo mpaka nyumbani.

Shemeji nilimkuta karibu na moto, amejifunika blanketi, meno yanagongana. Yeye ni mtoto wa kumzaa, si mkwe, kwa hiyo yeye alionyeshwa uso. Alichoambiwa hajakisema mpaka leo. Ila tumbaku hajaigusa tena, na kila apitapo karibu na sanduku anavua kofia.

Mama mkwe alirudi kutoka kanisani akanikuta nasimulia. Nilipofika kwenye vijiti vitatu vya kriketi nikasema, "Akaniambia mwenye ubao ni baba wa binti," naye akanidakia, macho yamemtoka: "Na ndugu wamekuja kula, hawasaidii upande wowote." Halafu akakaa chini. Baadaye akaniuliza kitu kimoja tu. "Alikugeuzia mgongo mpaka mwisho?" Nikasema ndiyo. "Basi amekuheshimu, mkamwana. Na wewe umemkaripia." Nilichinja kuku kumtaka mzee radhi. Mchungaji akisoma hapa asinitafute, kuku mwenyewe tulimla na ugali.

Tulipofungua sanduku, juu ya kila picha iliyokuwa imechanwa karatasi yake kulikuwa na ganda la ndani la hindi, lile jembamba jeupe, limenyooshwa na kukatwa sawasawa na ukurasa. Mahindi yalikuwa yameshakauka mashambani kote. Maganda yale ni mabichi. Na ni mabichi mpaka leo ninapoandika, Tusekile akiwa anakimbia na kuvunja vyungu vyangu. Mume wangu alikuja likizo akaninyamazisha, akasema ni mawazo ya mwanamke aliyeachwa peke yake. Nikamwekea kitabu mapajani. Akanusa ganda, akakirudisha kwa mikono miwili.

Mtoto wangu anafanya mlio wa pia kwa ulimi. Nani alimfundisha? Hapa kwetu hakuna pia. Ananiambia babu ana pengo mbele na nyusi zinazokutana. Mimi uso huo sitauona kamwe, na hilo linaniuma na kunikasirisha zaidi ya tumbaku yote ya shemeji.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Kitabu cha kale kikifika mikononi mwako, usichane ile karatasi nyembamba ati kwa sababu haina herufi. Na siku ukikutana kwenye ukungu na mtu aliyetoka njiani akakupa mgongo, usimkaripie kama mimi, wala usimzunguke. Jiulize kwanza ni baba wa nani. Na kama una mtoto mgongoni, geuka, usimame, uwaache watazamane.