Shavu la Kulia la Shemeji Yangu

Sijamsamehe, na sina haja ya kudanganya uzeeni.

Mume wangu alipokufa, mdogo wake alilitaka shamba langu la pamba kule Lalago. Nililinunua mwenyewe, kwa kupalilia mashamba ya watu, na yeye alijua. Basi akapitia usoni mwangu. Akaanza kunong'ona vilabuni kwamba ngozi iliyokunjamana hivi na macho mekundu hivi ni vya mchawi. Kwetu hilo si tusi tu. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa neno hilo.

Binti yangu ameolewa pwani, analima mwani. Alikuja kuniona na kopo la mafuta.

"Mayu, macho ni moshi wa kuni. Ngozi ni jua tu. Mwani nao unashinda juani maji yakipwa, ila una kinga yake, ndiyo tumeitia humu. Makunyanzi hayatatoka, lakini jua halitakuongezea sana."

Nikajipaka. Halafu nikawaza: kama ni jua, basi halikunipiga mimi peke yangu. Shemeji yangu ameendesha lori la pamba tangu ujana, kioo kimeshushwa.

Mkutano wa kijiji ukaitwa. Akasimama mbele ya mtendaji. "Mtazameni wenyewe sura ile! Mnataka ushahidi gani?"

Nikasimama na mimi. Nikapandisha mkono wa blauzi mpaka begani. Chini gome la mti, juu laini kama msichana.

"Uchawi wangu unaishia kwenye blauzi?"

Kina mama wakaanza kucheka.

"Sasa shemeji, waoneshe shavu la kushoto. Haya, na la kulia."

Akagoma. Mtendaji akamwambia ageuke. La kushoto lilikuwa la mwanaume wa makamo. La kulia, la dirishani, lilikuwa sura yangu mimi kabisa.

"Jamani!" mama mmoja akapaza sauti. "Kumbe huyu mchawi upande mmoja!"

Mtendaji alihangaika kuwanyamazisha. Alipoweza, akasema shamba ni langu, na neno lile asilisikie tena.

Wengine wangeishia hapo. Mimi hapana. Kila binti yangu akiniletea mafuta, kopo moja nampelekea shemeji. Bodaboda nimemwagiza asimpe nyumbani. Ampe pale senta anapokunywa chai na wenzake, na aseme kwa sauti:

"Mayu anasema upake kulia tu."