Mtani Wangu na Mzigo wa Mwezini

Kazi yangu ni kupokea vifurushi stendi ya Korogwe. Mmoja analeta begi la nguo liende Handeni, mwingine ana boksi la dawa za mifugo lishuke Kabuku. Naandika jina na namba ya simu, basi linaondoka, na kule mwenyewe anapigiwa kwamba mzigo wake umefika. Nadhani ndiyo sababu habari ile ilinishika. Elimu yangu ni darasa la saba na mambo ya anga siyajui, lakini redio iliposema kwamba siku hizi kampuni za watu binafsi huko Marekani zinachukua mizigo ya wanasayansi na kuipeleka mwezini, nilielewa palepale. Mwanasayansi ana vipimo vyake ila hana usafiri, na kampuni inao. Vipimo vinafungwa kwenye chombo kisicho na mtu ndani, kinasafiri, kinatua, kisha kinafanya kazi chenyewe.

Nikawa nawasimulia watu pale stendi. Kosa langu lilikuwa kusimulia mbele ya mtani wangu.

Mtani wangu ndiye anayepanga mizigo kwenye buti za mabasi. Ni Mnyamwezi, babu yake alikuja huku kukata mkonge. Mimi ni Mzigua wa Kwamsisi, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara, walipokuwa wakipita kwetu na mizigo ya watu kichwani kwenda pwani. Mtani hachagui neno. Halafu huyu kanizidi umri sana, kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye ninayemwamkia.

Mwaka mmoja nilitangaza stendi nzima kwamba chombo cha kampuni kimefika mwezini. Kilikuwa kimefika kweli. Kesho yake redio ikasema kimefika kikaanguka ubavu.

"Mzigo umefika," mtani akawatangazia abiria, "ila umelala. Mwenye mzigo aje na machela."

Tangu siku hiyo nikawa Mama Mwezi. Sikumbuki vizuri kama jina alilianzisha yeye au konda fulani, kwa hiyo nisimsingizie. Ila lilishika, na lililoniuma si jina. Watu waliacha kuniamini hata kwa mambo mengine. Nikisema basi la Handeni limechelewa, mtu anamgeukia mtani na kumuuliza, "Eti ni kweli?" Nami nikaanza kujiuliza: labda kweli nasema nisiyoyajua.

Mwaka uliofuata nikasikia vyombo viwili vya kampuni mbili viko njiani, na kwamba vitatua vikipishana siku chache tu. Nilitaka kunyamaza. Mtani akaniwahi.

"Mama Mwezi, nasikia safari hii wanatuma viwili, kimoja cha kumwinua mwenzake."

"Cha kwanza kitasimama," nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri ule.

"Kikianguka?"

"Utasema mwenyewe unataka nini."

Pesa hatukuweka. Kamari ni haramu, na mfungo ulikuwa mlangoni. Tukawekeana utani. Kikianguka, ningebeba mzigo kichwani nizunguke stendi nikiimba kwamba Wanyamwezi ndio walionifundisha kubeba. Kikisimama, yeye ndiye angeniamkia shikamoo, mbele za watu, kila asubuhi hadi mfungo uishe.

"Shikamoo kwako wewe?" akasema. "Niliyekukuta umevaa sare za shule?"

"Kwangu mimi."

Akacheka mpaka akaegemea basi. Akakubali.

Siku chombo kinatua ilikuwa Jumapili, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa na bando kidogo, nikafungua simu juu ya meza ya vifurushi. Maneno yalikuwa ya Kiingereza na mimi nakiokoteza tu. Nikaona chumba cha watu wanaotazama vioo vya kompyuta, halafu wote wakainuka wakipiga makofi na kukumbatiana. Waliosimama nyuma yangu wakasema, "Umeshinda."

"Bado," nikasema. "Hata mwaka jana walipiga makofi."

Mtani akanitazama kwa mashaka. Nafikiri alijiandaa kwa kelele zangu, na ukimya ule ulimtisha zaidi. Alasiri ikaja picha: ardhi ya kijivu yenye vishimo, na juu yake kivuli kirefu cha chombo chenyewe. Aliishika simu yangu, akaisogeza karibu na macho, akaivuta picha kwa vidole ikuwe.

"Hiki kimesimama," akasema polepole.

"Jua likiwa chini hata kitu kilicholala kina kivuli kirefu. Tungoje redio."

"Wewe mwanamke, mimi nimekubali kushindwa, wewe unakataa kushinda?"

Tukangoja. Taarifa ya habari ya jioni ikasema kwa Kiswahili kisicho na kona: chombo kimetua salama na kimesimama wima. Nilikuwa jikoni, futari ikiwa motoni. Nilikaa chini kwa furaha, nikacheka peke yangu.

Asubuhi basi la Handeni lilipoingia, alingoja abiria washuke. Akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Stendi ikalipuka. Bibi mmoja aliyekuwa ameshuka na kuku wake alimtazama mtani kuanzia mvi hadi viatu, kisha mimi, akaniuliza nina miaka mingapi. Sitaficha, nililifaidi lile marahaba. Kesho yake nililifaidi tena.

Kisha chombo cha pili kikatua, alfajiri nikasikia kimeanguka ubavu. Njia nzima kutoka nyumbani Kilole niligombana na nafsi yangu. Makubaliano yalikuwa juu ya cha kwanza, hilo halikuwa na ubishi. Lakini kuwapa watu nusu ya habari ningeweza? Nilipofika, kabla sijafungua ofisi, nikasema kwa sauti wasikie wote: "Jamani, kile kingine kimeanguka."

Mtani hakuwa amesikia. "Nani kakuambia?"

"Redio."

"Na wewe ukaja kunipa mimi silaha."

"Ndivyo ilivyo. Kimeanguka. Leo shikamoo ni yako."

Nikamwamkia. Akaitika marahaba, lakini hakuifurahia kama nilivyodhani. Kesho yake akarudi kwenye zamu yake bila kukumbushwa, kofia mkononi.

Kile kilichosimama kikaendelea na kazi, nami nikawa natoa taarifa kila nilipoipata. Kimechimbua udongo. Kimepima joto la chini ya ardhi. Kimepiga picha Dunia ikilifunika jua. Mfungo ulipokuwa unakaribia kuisha, konda mgeni wa mabasi ya Chalinze akanisikia, akaanza kuchekea dirishani.

"Huyu mama ndiye wa mwezini? Abiria, huku mnauziwa uongo bila risiti."

Kabla sijafungua mdomo, mtani wangu alikuwa ameshaacha buti wazi na kusimama kati yetu.

"Wewe kijana, huyu akikuambia kimesimama, kimesimama. Cha pili kilipoanguka ni yeye aliyetuambia, na hakuna aliyemuuliza. Muulize vizuri."

Konda akaacha kucheka. Abiria wa dirishani wakanigeukia, mama mmoja anayeteremkia Kabuku akatoa kichwa nje.

"Kwani sasa hivi kinafanya nini, mama?"

"Kimenyamaza," nikasema. "Kinatumia nguvu za jua, na kule jua limeshazama. Usiku wa huko ni mrefu, karibu majuma mawili. Lakini mizigo waliyoipeleka ilifika, na kazi ilifanyika."

"Kimesimama hadi sasa?"

"Kimesimama."

Akaitikia kwa kichwa, akamgeukia jirani yake kwenye kiti, nikamsikia akianza kumsimulia.