Mbuzi Waliopotea Burma

Achieng, mwenzangu kazini, alinishauri nitengeneze tovuti kwenye Linux, mfumo uleule unaoendesha seva yetu, kompyuta inayohifadhi tovuti zetu. Nikamjibu kwa madaha kwamba Windows yangu haijawahi kuniangusha.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya Mama Halima, mwenye bucha Soko la Burma. Siku ya kuizindua aliwaita wateja wake waione kwenye simu. Maandishi yalitokea, lakini picha za nyama hazikutokea hata moja. Nikalaumu mtandao, kisha nikalaumu simu yake.

Achieng, niliyekuja naye, akachungulia kompyuta yangu. "Picha umeiita Mbuzi kwa herufi kubwa, kwenye ukurasa ukaandika mbuzi kwa ndogo, na nyingine vivyo hivyo. Windows husamehe, Linux haisamehe."

Mama Halima akanigeukia mbele ya wateja wote. "Kwa hivyo, mwanangu, hujui kuandika mbuzi?"