Kura za Mizani

Baba alipotangaza kwamba anagombea udiwani, niliudhika. Chama cha ushirika kilichomwajiri miaka yote kama karani wa kupima pamba kilikuwa kimekufa, ghala lilikuwa limefungwa, na wanunuzi binafsi walizunguka vijijini na mizani zao za kuning'iniza ambazo kila mkulima alijua zinaiba. Baba alibaki na baiskeli na suruali moja ya kutokea. Mpinzani wake mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa sangara mwenye pikapu mbili na kanga za kugawa. Nilimwona Baba anakwenda kujiaibisha, tena uzeeni.

Vyama vingi vilikuwa ndiyo kwanza vimeingia, lakini kwetu, katikati ya Igoma na Magu, vita yote ilikuwa ndani ya chama tawala, ambacho Baba naye alikuwa mwanachama wake. Aliyepita kwenye kura za maoni ndiye diwani. Wajumbe walikuwa mabalozi wa nyumba kumi na viongozi wa matawi, wengi wao wakulima wa pamba.

Wiki ya kwanza walimcheka. Ya pili, kwenye mkutano uliojaa watu wa mwenye pikapu, balozi mmoja alisimama akasema kwamba kwa Baba gunia lake halijawahi kupungua hata kilo, na kwamba hao wanunuzi wapya wanamfanya mjinga mbele ya watoto wake. Akakaa. Hakuna aliyecheka tena. Baada ya hapo watu walianza kuja nyumbani kwetu wawili wawili, kisha kumi kumi, mpaka Mama akawa anaazima viti kwa majirani. "Kula zetu ni zako, Mizani," walimwambia, kwa ile lugha yetu inayogeuza kura kuwa mlo, na Baba alicheka kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akicheka tangu ghala lifungwe.

Mizani ndilo jina walilompa wakulima kabla sijazaliwa. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nikapata kiburi cha ghafla. Nilinunua karatasi za manila nikaandika kwa wino mwekundu: MIZANI HAIDANGANYI. Nilizibandika kwenye kila mti na kila kibanda.

"Ungeandika na lile jina lake la kwenye fomu," Mama aliniambia.

"Mama, nani analijua hilo?"

Nilimjibu vibaya, na nilijiona mjanja.

Siku ya kura wajumbe walikusanyika kwenye darasa la shule yangu. Wagombea watatu walijitambulisha. Baba alitaja majina yake kamili mara moja, lakini makofi yalikuwa yameshaanza, sidhani kama kuna aliyesikia. Kisha wagombea wakatolewa nje. Katibu wa chama akayaandika majina ubaoni kama yalivyokuwa kwenye fomu, akagawa vikaratasi vitupu, kila mjumbe aandike jina la amtakaye. Mimi nilikuwa dirishani na watazamaji wengine. Nilimwona yule balozi akitazama ubao, akamnong'oneza jirani yake, naye akamnong'oneza mwingine, wakatikisa vichwa kukubaliana. Nikafurahi. Nilidhani wanahimizana.

Walipomaliza kupiga kura, wajumbe wakapewa ruhusa wakasubiri uwanjani, wakiimba. Ndani, katibu alifungua karatasi ya kwanza.

"Mizani. Hakuna mgombea wa jina hilo. Imeharibika."

Ya pili, Mizani. Ya tatu, Mizani. Ya sita, bado Mizani. Nilipiga kelele dirishani kwamba huyo ni Baba yangu, kila mtu anamjua, mgambo akanisukuma. Rundo la zilizoharibika lilikuwa kubwa kuliko mengine yote. Mwenye pikapu alishinda kwa kura ambazo ungezihesabu kwa vidole.

Baba aliitwa kutia sahihi. Aliomba aone karatasi moja tu. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko neno lile moja lilivyohitaji, akairudisha, akasaini. Niliona aibu, na bado naiona mpaka leo.

Alipotoka, wajumbe walimzunguka kwa vigelegele. Hawakuwa wameambiwa kitu.

"Walikuwa wamekuacha, hukuwepo ubaoni!" yule balozi alisema kwa furaha. "Tukasema tusipige kelere, wasije wakatufukuza. Tumekuandika wenyewe!"

Baba aliinua mkono wakanyamaza, akawaeleza taratibu kwamba hakuachwa. Alikuwepo ubaoni, jina la pili kutoka juu.

Bibi mmoja, kiongozi wa akina mama wa tawi, alimsogelea.

"Kwani, baba, una jina ringine?"

Baba akamtajia, lake na la babu. Bibi alilirudia polepole, likamshinda katikati, akajaribu tena. Kisha akamtazama Baba kwa huruma.

"Huyo," alisema, "sisi hatumjui."