Mgeni Niliyemlazimisha Asimame

Ndugu zangu, mimi ni mkosaji. Nalisema mapema ili msije mkanionea huruma kabla hamjanisikia mpaka mwisho. Ni mzee, nina wajukuu, kanisani nakaa benchi la mbele. Na kuna mwanamke mmoja aliyekunywa uji kwa mrija, taya limefungwa nyaya, kwa sababu mimi nilijua sana kukaribisha.

Jina langu sitalitaja, wala la kigango chetu. Ni huku milimani Uluguru, kwenye karafuu na migomba. Mvua ikinyesha, pikipiki za kutoka Morogoro mjini zinatushusha chini na tunapanda wenyewe kwa miguu. Mgeni akifika huku kwetu amejitahidi, ndiyo maana tunamthamini.

Kazi yangu kanisani ilikuwa hiyo hiyo, wageni. Baada ya komunyo, kabla ya baraka ya mwisho, nakabidhiwa kipaza sauti. Mgeni anasimama, namuuliza jina lake, anatokea wapi na amefikia kwa nani. Kisha tunampa makofi ya karafuu. Tunasugua viganja kama mtu anayechambua karafuu, tunapiga kofi moja kubwa, halafu tunamrushia. Watoto wanayapenda mno.

Mwanangu anayefanya kazi Mzumbe alininunulia simu janja. Basi nikaongeza na picha. Kila mgeni nampiga picha nje ya kanisa, naiweka kwenye kundi letu la WhatsApp na maelezo yake yote. Lo, nilivyojivunia! Niliishia kidato cha nne, nikafanya ukarani mpaka nikastaafu, na maelezo yangu yalikuwa yamenyooka kuliko ya mtu yeyote mle kundini.

Jumapili moja nikamwona mama kijana amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, mtoto mgongoni. Nikaomba wageni wasimame. Hakusimama.

"Mama mwenye kitenge cha kijani, pale nyuma! Usituogope, hatuumi!"

Watu wakacheka. Yeye akatikisa kichwa. Mtu mwenye akili angemwacha. Mimi nikashuka na kipaza sauti changu mpaka kwenye benchi lake.

Akasimama. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina!" kanisa zima.

"Naitwa Mama Neema."

"Neema si ndiye huyo mgongoni? Sisi tunataka jina lako wewe, la ubatizo!"

Akalitaja kwa sauti ndogo sana. Nikalirudia kwa sauti kubwa.

"Unatokea wapi?"

"Mbali kidogo."

"Hata mbali kuna jina lake, mama!" Wakacheka tena. Nilikuwa mchekeshaji siku hiyo.

"Kilosa."

"Na hapa umefikia kwa nani?"

Akaangalia mlango. Mimi nilikuwa nimesimama mwisho wa benchi, mwili wangu umeziba njia. Siku ile sikuliona hilo. Leo nikifumba macho ndilo ninaloliona.

"Kwa mama yangu mdogo," akasema. "Bibi Mwanaidi."

Bibi Mwanaidi tunamjua wote. Ni jirani yetu Mwislamu, anauza ndizi na manjano, na dada yake aliolewa na Mkristo zamani. Kanisa likashangilia. Tukasugua viganja, tukampigia makofi, tukamrushia. Mama yule akayapokea huku ameinamisha kichwa.

Nje akanijia mwenyewe. "Shikamoo, baba. Naomba mimi nisipigwe picha."

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Marahaba, binti yangu. Kwenye nyumba ya Mungu hakuna kujificha!" Nikapiga. Nikaandika jina, Kilosa, kwa Bibi Mwanaidi, mtaa wa juu, karibu na kisima.

Kundi letu lina watoto wa huku waliohamia kila mahali. Mmoja akampelekea picha mwenzake, mwenzake akampelekea mwingine. Mama Neema hakurudi tena kanisani. Na mimi nikadiriki kusema mbele ya wazee wenzangu kwamba yule dada hana shukrani!

Jumapili chache baadaye mume akaja kanisani.

Hakusubiri kuitwa. Nilipoomba wageni wasimame, yeye alikuwa keshasimama. Shati limepigwa pasi, rozari shingoni. "Mimi ni mume wa yule dada mliyempokea. Tulikwaruzana kidogo, mambo ya kawaida ya ndoa. Nimekuja kumfuata mke wangu, na kuwashukuru wazazi wangu mlionitunzia."

Vigelegele! Kina mama wengine walifuta machozi. Ningekuwa peke yangu niliyedanganyika, ningejitetea kwamba uzee umeniponza. Lakini tulidanganyika wote, na kipaza sauti nilikishika mimi.

Huku kwetu mgeni haelekezwi njia kwa kidole, anapelekwa. Basi nikampeleka. Njiani alinibebea mwavuli, akaninunulia soda, akaniita mzazi. Nikapanda ule mlima nina furaha kama bwana harusi.

Mama Neema alikuwa uani, anatandaza manjano juani juu ya mkeka. Aliniona mimi kwanza. Akatabasamu kidogo, akaanza kunipa shikamoo. Hakuimaliza. Alikuwa ameona ni nani aliye nyuma yangu.

Bibi Mwanaidi akatoka jikoni. "Umemleta wewe?"

"Ni mume wake, Bibi. Ndoa ya kanisani kabisa."

"Mimi nimelala naye chumba kimoja na sijamuuliza hata amepita njia gani! Nilimpa maji, nikamtandikia. Wewe umemuuliza mbele ya watu na spika juu!"

Mume akacheka. "Bibi ana hasira za kizee." Nami nikacheka naye.

Mama Neema akanisogelea. Alinong'ona ili mimi tu nisikie. "Baba, mwambie nisiende. Wewe atakusikiliza, mbele yako ana heshima."

Ndugu, hapa ndipo penyewe. Yale ya kanisani na ya picha nilikosa kwa ujinga. Hapa nilikuwa nimeshaona. Niliona kovu chini ya sikio lake. Nilijua! Lakini kule chini watu walikuwa wananisubiri niwaeleze walivyopatana. Ningerudi nikawaambie nini?

Nikasema, "Mwanangu, ndoa ni kuvumiliana. Nenda mkayamalize nyumbani kwenu."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mlango uliofungwa. Akamfungua mtoto mgongoni, akampa Bibi. "Neema anakohoa. Abaki kwanza."

Mume hakubisha, alikuwa na haraka. Wakashuka.

Tulibaki pale uani, mimi, Bibi na mtoto. Nikasubiri nimsikie akikohoa. Mtoto hakukohoa hata mara moja.

Jumapili iliyofuata nilisimamishwa mbele. Msuluhishi wa ndoa! Nikapigiwa makofi ya karafuu mimi mwenyewe.

Bado tunachuma karafuu za msimu ule ule, habari ikaja. Mama Neema yuko hospitali, taya limevunjika. Bibi Mwanaidi alikwenda kumwona, akarudi hasemi na mtu. Mume naye akawaambia polisi kwamba mke wake aliteleza mtoni akagonga jiwe.

Kisha simu yangu ikaita.

"Shikamoo, baba. Mwanao hapa. Wewe si uliona mke wangu alivyofurahi nilipomfuata? Utanisaidia kuwaeleza hivyo polisi. Wewe ni mtu mzima, watakuamini."

Akasema, "Na ukumbuke, baba, ni wewe uliyenileta mpaka uani."

Nilihisi kama mtu aliyeingia ghalani akafungiwa kwa nje. Nikikaa kimya, mwanamke anaonekana mwongo. Nikisema, kila mtu atajua kwamba aliniomba nikamkabidhi. Nikamwendea mwenyekiti wa kigango, rafiki yangu wa miaka mingi.

"Mzee, kosa lako nini?" akaniambia. "Umekaribisha mgeni. Ukienda kusema huko, watasema kanisa linawauza wanawake. Usituchafulie kigango. Nyamaza tu, yatapita."

Nikanyamaza. Na Jumapili nikakabidhiwa tena kipaza sauti! Nikasimama nacho, wageni wako mbele yangu wanasubiri, na neno "karibu" likagoma kutoka. Watu wakadhani ni shinikizo la damu. Nikaletewa kiti na maji. Nikikataa kazi wanasema ni unyenyekevu, wananipigia makofi. Nikikubali, wananiletea kiti tena. Nyumbani mke wangu ananiuliza, "Baba Anna, unaumwa wapi?" Namwambia kifua.

Padre alipopanda kwetu nikaenda kuungama. Nilitarajia kuambiwa nisali rozari. Alinipa msamaha, kisha akasema, "Mzee, kwa Mungu umeshasema. Lakini yule mama anahitaji shahidi."

Niliteremka mjini bila kumuaga mwenyekiti. Kituoni nikakuta askari wa kike, umri wa mjukuu wangu. Hakuwa mkali. Akafungua kalamu.

"Shikamoo, babu. Jina lako nani?"

Nikamtajia.

"Unatokea wapi?"

Nikamtajia.

"Na umekuja kwa ajili ya nani?"

Mlango ulikuwa nyuma yangu, wazi, na nilitamani kuukimbilia. Ndipo nikajua jinsi maswali madogo yanavyoweza kumbana mtu asiyetaka kuonekana. Nikasema yote. Nikasema na la kovu chini ya sikio, na la mtoto asiyekohoa.

Mume yuko mahabusu, kesi inaendelea, nami nitasimama mahakamani nikiitwa. Mwenyekiti hanisalimii. Kina mama wa kwaya wananipisha njiani kama wanavyompisha ng'ombe. Ni haki yao. Mama Neema alitoka hospitali, akaja kumchukua mwanawe, akaenda anakojua yeye. Sijui ni wapi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sijauliza.

Nanyi mnaosimama kwenye milango ya makanisa na misikiti, nawaomba kwa magoti yangu haya mabovu. Mgeni akikaa nyuma, mwacheni akae nyuma. Akisema mbali, mbali inatosha. Akikataa picha, zima simu yako, zee zima wee! Mpeni maji, mpeni mahali pa kukaa. Na akikunong'oneza kwamba anaogopa, usitazame nyuma kuona watu watasema nini, kama nilivyofanya mimi.

Siku hizi kila nikipata nafasi napanda kwa Bibi Mwanaidi na kifurushi cha sukari. Nasimama kwenye uchochoro wa migomba pale uani.

"Hodi!" nasema.

Yupo. Nasikia kinu kinatwanga. Nabisha tena hodi, kinu kinatwanga tu. Naweka sukari juu ya jiwe, nageuka. Hajaniambia karibu hata siku moja, na mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa neno hilo.