Kadi ya Tabernakulo

Siku yangu ya kwanza sakristia, chumba cha maandalizi ya Misa, sikuruhusiwa kugusa kitu. Sakristani Mkuu, mzee mkali aliyekuwa karibu kustaafu, alinisimamisha pembeni ya kabati la mavazi tangu Misa ya alfajiri mpaka saa sita. Nilipojaribu kuinua kalisi, kikombe cha divai ya Misa, ili nimsaidie, alinitolea macho. "We kijana wa Taita, hizo si sahani za hoteli. Tazama kwanza. Mikono yako tutaihitaji baadaye." Nikatazama mpaka miguu ikafa ganzi.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hii leo, na simu zenu mifukoni. Sakristani hupanga mavazi ya padre kwa rangi ya siku, hutunza taa nyekundu inayowaka mbele ya tabernakulo, yaani kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, hufua vitambaa vya altare. Hata kufua kuna utaratibu wake. Kitambaa kilichofuta kalisi huloweshwa kwanza, na maji yale ya kwanza hayamwagwi ovyo. Yanamwagwa kwenye sakrario, yaani karo dogo ambalo bomba lake huishia ardhini, si kwenye mtaro wa maji machafu. Mzee alinifundisha hayo kwa kunirudisha. Nikikosea, nafua upya. Nikinuna, nafua mara mbili.

Adui yetu mkubwa alikuwa unyevu. Hapa kisiwani chumvi hugandamana koponi na viatu huota ukungu kabatini, sembuse hostia, yaani mkate wa Ekaristi, ambayo ni nyembamba kama karatasi. Ndani ya tabernakulo yetu mlikuwa na siboriamu mbili, yaani vikombe vya kifuniko vya kuwekea Ekaristi. Kubwa ilikuwa ya Misa, na hiyo ilibadilika kila siku. Ndogo ilikuwa ya wagonjwa, na ilitumika polepole. Kwa hiyo kila wiki mbili, na msimu wa mvua kila wiki, padre wa zamu, Paroko au msaidizi wake, alikula zilizobaki akaweka mpya. Kazi yangu ilikuwa kumwandalia, kumkumbusha, kisha kuandika tarehe kwenye kadi iliyobandikwa kwenye kabati la ufunguo.

"Padre ana mambo mia," Sakristani Mkuu aliniambia siku aliyonikabidhi ufunguo. "Ataitazama kadi hii na kuiamini. Usije ukaiandika uongo."

Nikamwambia haiwezekani. Ujana huo!

Nilihudumu chini ya maparoko watatu. Wa kwanza alikuwa mwimbaji, Misa yake haikuisha. Wa pili alikuwa mjenzi, sakristia ikajaa mifuko ya saruji. Wa tatu ndiye ninayetaka kusimulia habari zake: mpole, mwenye mtoto wa jicho, akisoma Injili kwa kuinamia kitabu mpaka pua ikagusa. Ni katika wakati wake nilipopoa.

Sikuacha imani. Ungeniuliza, ningekusomea Kanuni ya Imani yote bila kukwama. Lakini baada ya miaka ishirini na zaidi, moyo ulikuwa umevichoka vitu vitakatifu vilivyo karibu nao. Nilipiga goti mbele ya tabernakulo na goti halikufika sakafuni. Hali hiyo Kanisa huiita uvivu wa roho, na msidhani ni usingizi. Mimi nilikuwa na pilikapilika kuliko wakati wowote, ila pilika zote zilikuwa nje ya kanisa. Ikifika saa sita nafunga mlango, natelemka mpaka karibu na Ngome ya Yesu, nakaa na wauza vinyago, tunapiga soga na kunywa kahawa chungu mpaka saa nane. Muuza kahawa, Mzee Athumani, alikuwa akinicheka: "Bwana Kornelio, mambo yako kinyume! Mimi adhuhuri ikiingia naacha birika naenda msikitini. Wewe adhuhuri ikiingia ndiyo unatoka kanisani kuja kukaa hapa!" Tukacheka wote, nikaagiza kikombe kingine.

Mwaka huo mvua za masika zilinyesha kwa nguvu. Wiki ya kubadilisha siboriamu ndogo ilipofika, nilijiambia nitamkumbusha Paroko kesho. Kesho nikajiambia kesho. Jumamosi nikaona kadi imepitwa na siku, nikaona haya, nikachukua kalamu nikaandika tarehe. Basi. Wiki iliyofuata ikawa rahisi zaidi. Niliandika tarehe mara tano, Paroko akiiona kadi akaamini msaidizi wake ameshabadilisha, na siboriamu ile haikuguswa.

Kulikuwa na mama mmoja Tudor, Mama Selestina, aliyelazwa kitandani kwa maradhi ya moyo. Binti yake Tekla, karani wa ghala kule Mbaraki, ndiye aliyemuuguza. Siku moja saa tano mchana Tekla alipiga simu: mama anazidiwa, anaomba Komunyo. Paroko alitoa hostia moja haraka kutoka siboriamu ndogo, kwa macho yake yale, akaitia kwenye kikasha cha kubebea wagonjwa. Mimi nikabeba mshumaa na mafuta ya Mpako wa Wagonjwa. Tukapanda tuktuk.

Mama alikuwa ameandaliwa. Amevishwa kanga safi, kichwa kimefungwa, na kando yake meza yenye kitambaa cheupe kilichodariziwa, msalaba na glasi ya maji. Paroko akampaka mafuta, wakasali. Mama Selestina akafumba macho na kufungua kinywa. Paroko akafungua kikasha, akakisogeza dirishani apate mwanga, akakiinamia. Nilikuwa nyuma ya bega lake. Hostia ilikuwa na madoa ya kijani na meusi.

Akafunika. "Mama, nisamehe. Nakwenda kukuletea nyingine sasa hivi."

Mama alifumbua macho. "Haya, baba. Nangoja."

Ile kubwa ya Misa ilikuwa na hostia za asubuhi hiyo hiyo. Twende turudi, nusu saa. Lakini mvua ilikuwa imejaza barabara maji, magari yamesimama, na tuliporudi ilikuwa imepita saa moja na ushei. Tekla alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani.

"Amekufa akingoja," alisema. "Padre, ile ya kwanza ilikuwa na nini?"

Paroko alinitazama kidogo tu. "Mwanangu, mama yako alimtamani Bwana kwa moyo wote, na hakumkosa. Lakini kosa limetokea kanisani kwangu. Nilaumu mimi."

Na mimi, nikiwa na mshumaa mkononi, nikanyamaza.

Hostia zilizoharibika hutiwa majini mpaka ziyeyuke kabisa, zisionekane tena kuwa mkate, ndipo maji hayo humwagwa kwenye sakrario. Bakuli lilikaa sakristia siku tatu, na siku ya tatu ndiyo tuliyomzika Mama Selestina. Nilitoka makaburini nikayamwaga maji yale, nikaenda moja kwa moja kitubioni kwa Paroko. Nikaeleza kuhusu kadi, tarehe zote tano. Nilitaka anigombeze. Nilitaka anifukuze, kusema kweli, maana kufukuzwa ni rahisi.

"Saa ipi ulikuwa ukitoka?" aliniuliza.

"Saa sita, baba."

"Basi saa sita utakaa mbele ya tabernakulo. Saa nzima, kila siku. Hata usipohisi kitu. Hasa usipohisi kitu." Kisha akaongeza, "Huko ni kumlipa Mungu. Yuko mtu mwingine uliyemkosea, na hilo utalijua mwenyewe."

Mwezi wa kwanza sikuhisi kitu kweli. Nilikaa kama gunia. Nilihesabu vioo vya dirisha, nikatamani kahawa, nikakasirika, nikasinzia. Lakini nilikaa. Kidogo kidogo yule mama akaanza kukaa nami pale, na kinywa chake wazi, na lile neno lake: nangoja. Siku moja nililia mpaka nikaona aibu ingawa kanisa lilikuwa tupu.

Kisha nikasikia kwenye jumuiya kwamba Tekla ameacha Misa. Alikuwa akisema hawezi kuupokea mwili wa Bwana kutoka mkononi mwa padre aliyezembea kwa mama yake. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Paroko amezeeka, aondolewe. Yeye hakujitetea hata kwa neno moja. Nilikuwa nimeshaondolewa dhambi, nafanya malipizi yangu vizuri, na mtu mwingine anabeba jina langu baya. Nilikosa raha ya kula.

Ijumaa nikapanda ngazi za nyumba ile ya Tudor. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, kadi, kalamu, kahawa.

Tekla akaushika mlango. "Kwa hiyo miezi mitatu nimemnunia Paroko bure? Na wewe uko pale pale kanisani unawasha mishumaa? Toka!" Mlango ukafungwa mpaka ukuta ukatikisika.

Jumapili alikuwa Misa. Nilimwona akimfuata Paroko baadaye, akapiga magoti palepale uani, Paroko akamwinua. Mimi hakunitazama. Lakini nilirudi Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata. Wakati mwingine hakufungua. Wakati mwingine alifungua akasema, "Mtungi wa gesi ule, peleka chini," nikaupeleka. Karibu mwaka ulipita hivyo. Ndipo siku moja akatoka na kitu kilichokunjwa.

"Kitambaa cha meza ya mama. Sijakifua tangu siku ile. Nasikia ninyi mna namna yenu ya kufua."

Nilikifua kama kitambaa cha altare. Nilikilowesha, maji ya kwanza nikayamwaga kwenye sakrario, ingawa sheria haikudai hivyo. Nikakipiga pasi kingali na unyevu, nikamrudishia.

Sasa nimestaafu. Magoti yaliyokataa kufika chini wakati ule, leo hayafiki hata nikiyabembeleza. Tekla alinipangishia chumba cha chini katika nyumba ile ile ya Tudor, na bado saa sita nakaa saa yangu, kwenye kiti, nikielekea upande wa kanisa. Ule upoaji hurudi. Msidanganywe kwamba mtu hupona ukaisha. Ukirudi unanikuta nimeshakaa.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wananiletea Komunyo. Tekla hutelemka mapema, huitandaza meza yangu kwa kitambaa kile kilichodariziwa, huweka msalaba na glasi ya maji. Sakristani wa sasa, dada mmoja mchangamfu, akiingia na kikasha, Tekla humsimamisha mlangoni kwanza.

"Za lini hizi?"

"Za Misa ya asubuhi, dada Tekla."

"Hakika?"

"Hakika."

"Basi mpe mzee upesi. Nyumba hii hangojeshwi mtu."